Samaki Zisizougua

Mimi ni mtu wa kushuku. Shule sikuenda ya maana. Ile nilienda, nilikaa mpaka nikajua mlango iko wapi, nikatoka. Lakini kushuku nilisoma mpaka mwisho. Ukiniambia jua imetoka, lazima nitoke nje niangalie kama ni ile ya jana. Ukinipa chai, nangoja kwanza wewe ukunywe, halafu nangoja tena nione kama utaanguka. Kwa hivyo zile samaki za pikipiki zilipoanza kuletwa kwetu Jericho, huku Eastlands, mimi ndio nilikuwa mtu wa kwanza kuzikataa, na hakuna mtu alinisikiza, kuanzia bibi yangu mwenyewe.

Bibi yangu anakaanga samaki kando ya soko. Mkono yake ya kulia inajulikana kutoka Kaloleni mpaka Kayole. Anaparua magamba haraka mpaka samaki inafika kwa mafuta kabla haijajua imevuliwa nguo. Karai ikichemka anageuza na vidole, bila mwiko, na si yeye anaogopa mafuta, ni mafuta inamwogopa. Watoto wetu walisomeshwa na hiyo mkono. Mimi nalishwa na hiyo mkono tangu mgongo yangu ikatae kubeba magunia. Nasema hivi ndio ujue: kwa nyumba yetu kuna televisheni, kuna kabati ya vioo, lakini kitu ya bei ilikuwa ni hiyo mkono.

Zamani alikuwa anachukua samaki ya ziwa, zile zinakuja na lori. Halafu hizo samaki zikaanza kuwa kidogo, kidogo, mpaka unakula moja nzima halafu unabaki ukiitafuta kwa meno na ulimi. Wateja wakaanza kununa. Ndio akatokea huyo mtu wa pikipiki. Mnene, mcheshi, kreti mbili nyuma, analeta mpaka mlangoni. Alikuwa na kidimbwi chake huko mbele ya Kayole. Samaki zake zilikuwa zimetoshana kama wanafunzi paredi, shavu zimejaa, na ukiziweka kwa beseni bila barafu zinashinda hapo mpaka jioni zikiwa zimekaa tu, fresh, kama wageni wa kanisa.

"Hizi samaki zinanitazama," nikamwambia bibi yangu.

"Samaki zote ziko na macho."

"Hizi zinajua kitu."

"Zinajua huna kazi. Nishikie hiyo beseni."

Huyo mtu akacheka mpaka pikipiki ikatingika. "Mzee, usiogope. Samaki zangu haziugui. Tangu nianze, hakuna hata moja imewahi hata kukohoa."

Hapo ndio nilimshuku kabisa. Mimi naugua. Askofu anaugua. Huyo samaki ni nani asiugue?

Lakini wateja walipenda. Na bibi yangu aliwaambia ni za ziwa. Si kwa ubaya. Huku kwetu kila mtu anauza ya ziwa. Ukizunguka Eastlands yote ukiuliza, utapata ziwa ilishaisha samaki zamani sana na bado inatuma zingine. Mteja anauliza, "Ni ya ziwa?" wewe unasema, "Ya ziwa kabisa," na nyinyi wawili mnajua hiyo ni salamu tu, kama kuulizwa umeamkaje.

Sasa asubuhi moja, akiparua, samaki moja ikamdunga na ule mwiba wa mgongo. Kidole ya shahada, ya mkono ya kulia. Akainyonya, akatema, akaimwagia chumvi, akaendelea. Hivyo ndio wauza samaki wote hufanya. Kudungwa ni sehemu ya kazi.

Jioni ikawa nyekundu. Kwetu kwa ploti kuna desturi: dawa haimalizwi na mtu mmoja. Ukipewa vidonge, ukipata nafuu unaacha, zingine zinakaa juu ya kabati zikingoja mgonjwa wa pili. Jirani alikuwa amebakisha vidonge mbili za jino, zile za unga ndani tunaita rangi mbili. Bibi yangu akameza moja, ingine akaifungua akamwaga ule unga kwa kidonda, akafunga na kitambaa. Kesho yake akapata mbili zingine kwa mwingine aliyekuwa amebakisha za kifua. Hiyo kidole ilitibiwa jino na kifua kwa wiki moja.

Na ikafura. Ndugu yangu, ikafura! Nimeona vitu zikifura, lakini hiyo ilifura mpaka ikawa na kivuli yake peke yake. Usiku akiiweka juu ya blanketi, mimi nalala ukutani, yeye analala kando, kidole inalala katikati. Halafu kamstari kekundu kakaanza kutambaa kutoka kidole, kakapita kiganja, kakaingia kwa mkono. Hapo hata bibi yangu, ambaye haogopi karai, akaogopa. Nikampeleka hospitali na yeye akalazwa siku hiyo hiyo.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mimi naweza kuwa babu yake. Akaangalia mkono, akatoa usaha kidogo na kapamba, akasema inapelekwa maabara. Nikauliza usaha ya bibi yangu inapelekwa kwa nani. Akamgeukia mgonjwa.

"Mama, ulidungwa na nini?"

"Samaki."

"Ya ziwa ama ya kufugwa?"

Bibi yangu akaangalia kitanda ya pili. Hapo kulikuwa kumelala mama mmoja mkubwa wa mwili, mguu juu, mteja wetu wa Jumapili. Huyo mama alikuwa amegeuza sikio yake yote kwetu.

"Ya ziwa," bibi yangu akasema.

Daktari akaangalia mimi. Nikaangalia dari. Mtu haharibii bibi yake biashara mbele ya mteja, hata kama mteja amelazwa.

Wakamwekea dripu. Daktari akachukua kalamu, akachora mstari kwa ngozi, pale wekundu ulikuwa umefika. Akasema wekundu ukirudi nyuma, dawa inafanya kazi. Ukipita mstari, haifanyi. Sasa unajua mimi. Nikashuku hawa manesi watakuwa wanasongesha huo mstari tukilala. Nikaomba mgonjwa mmoja kalamu, nikachora wangu kando, nikaweka na alama yangu ambayo mimi tu naijua.

Wekundu ukapita mstari ya daktari. Ukapita yangu. Kidole ikaanza kuwa nyeusi kwa ncha. Daktari akaniita kando.

"Mzee, hii dawa ndio huwa tunatumia kwa vidonda vya samaki. Sielewi mbona inakataa. Majibu ya maabara bado. Nikingoja na ipande zaidi, itabidi tukate kidole ndio tuokoe mkono."

"Ukate?"

"Kesho kutwa, kama hakuna mabadiliko."

Nikarudi kwa kitanda nikamwambia bibi yangu hali ni sawa. Akaniangalia usoni, akajua, akasema, "Bila hiyo kidole nitageuza samaki na nini? Na pua yako?" Halafu akageuka akatazama ukuta, na huyo ni mtu sijawahi kuona akitazama ukuta.

Nikatoka hapo kichwa ikiwaka. Mimi nikiwa na uchungu nashuku mara mbili. Na nilikuwa tayari na mtu wa kushuku. Ng'ambo ya kibanda yetu kuna mama anauza omena, ile dagaa, na mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ya mbuta yenye imetolewa nyama. Wiki hiyo hiyo ya kudungwa, nilimsikia na masikio yangu akimwambia bibi yangu, "Dada, hiyo mkono yako haipumziki? Iko siku itapumzika." Maneno kama hayo mtu hasemi bure. Nikaenda moja kwa moja mpaka mbele ya beseni zake.

"Ulisema mkono ya bibi yangu itapumzika. Haya, imepumzika. Umefurahi?"

Akaweka kopo chini. "Baba, umekunywa nini na jua haijafika hata hapa juu?"

"Sijakunywa. Nimeshuku."

"Basi shuku na akili! Mimi nikiwa na uchawi, ningekuwa hapa napima omena na kopo? Si ningeroga serikali inijengee soko yenye iko na paa?"

Watu wakacheka. Hata mteja wetu mmoja nilimwona akicheka, na huyo bado nakumbuka sura yake.

"Na tena," akasema, sasa sauti imeshuka, "bibi yako anaendeleaje?"

Nikamwambia. Kidole, kisu, kesho kutwa. Akakaa chini juu ya kreti.

"Ulishauliza huyo mtu wa pikipiki samaki zake zinalala wapi? Mimi nilinunua kwake mara moja. Nikainamisha pua kwa beseni nikasikia harufu ya kuku. Si samaki, kuku! Nikamwambia asikanyage kwangu tena. Bibi yako nilimwambia. Akasema nina wivu."

Hapo nikasimama. Kushuku kwangu kote kulikuwa kumeelekea upande mbaya, kama mtu anapiga tochi chini ya kitanda na mwizi amekaa juu ya kitanda. Sikungoja hata kumuaga. Nilienda mpaka Kayole, nikapita Kayole, nikauliza, nikapita tena, mpaka nyumba zikaanza kuwa na nafasi katikati.

Mtu wa pikipiki alifurahi kuniona. Alifikiri nimekuja kuongeza oda. Akanishika mkono akanizungusha kama mgeni wa heshima, na mimi nikacheka naye, lakini macho yangu yalikuwa yanafanya kazi peke yao.

Kidimbwi ilikuwa shimo kubwa imewekwa karatasi nyeusi ya nailoni, maji ya kijani kama supu ya mboga. Na juu ya maji, juu kabisa, kwa miguu ya mbao, ilikuwa nyumba ya kuku. Sakafu ni waya. Kuku zilikuwa nyingi, sauti yake ilikuwa kama harusi mbili zimekutana.

"Unaona, mzee? Kuku ikila, chakula ingine inaanguka, samaki inakula. Kuku ikinya, inaanguka, samaki inakula. Hapa kwangu hakuna kitu inapotea."

Hata wakati anasema, moja ikaangusha, na maji chini ikachemka samaki. Nikakumbuka vile nimekula hizo samaki na ugali na kujilamba vidole.

"Na hizi kuku zikiugua?"

"Haziugui! Si nilikuambia?" Akanionyesha pipa ya maji ya kuku, rangi ya machungwa. "Kila Jumatatu naweka dawa. Nzima, mgonjwa, zote zinakunywa. Kwani nitangoja ziugue? Na ile inamwagika, samaki nayo inapata yake. Ndio maana unaona zimenawiri."

Chini palikuwa na pakiti zimetupwa, zina picha ya jogoo amesukuma kifua mbele kama bondia. Kusoma siwezi, lakini jogoo namjua. Nikajua sumu ndio hiyo. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, nikachukua moja. Huyo mtu hakugundua kitu, na nilikuwa nimevaa patipati, ndara hazina kamba.

Nilirudi hospitali nikikimbia na hayo magoti yangu, kila moja inalia na sauti yake. Njiani nilikuwa nimeshamfunga huyo mtu, nimemhukumu, nimempa miaka. Nikampata daktari kwa ile meza ya mlango ya wodi, nikampigia hiyo pakiti kwa meza kama mtu anashinda karata.

"Daktari, sumu ndio hii. Ita polisi."

Akaigeuza. Akasoma. Akasoma tena, uso ukabadilika.

"Umetoa wapi?"

"Kwa mwenye samaki. Anapatia kuku, kuku inaangushia samaki, samaki imedunga bibi yangu."

"Mzee, hii si sumu. Ni dawa."

"Hata sumu huandikwa dawa!"

"Ni dawa ya kuua viini. Na ni ndugu ya ile iko kwa dripu ya mama. Ndugu wa tumbo moja."

Sikuelewa. Dawa ndio dawa, itamdhuru aje? Akanikalisha, akanieleza polepole. Viini vya kwa maji vikipewa dawa kidogo kidogo kila wiki, vile dhaifu vinakufa. Vile sugu vinabaki, vinazaana, na watoto wao hiyo dawa hawaiogopi. Samaki inanawiri, haionekani mgonjwa, lakini imebeba hivyo viini kwa ngozi na kwa miiba. Vikiingia kwa mtu, unamwekea dawa, navyo vinaikaribisha kama mgeni wanamjua.

Hapo ndio nikaelewa, kwa sababu nimekaa na wachuuzi maisha yangu yote. Ni kama kanjo, wale askari wa jiji wa kufukuza wachuuzi. Kanjo wakija mara moja na lori kubwa, wanabeba kila mtu. Lakini wakija kila Jumatatu, wanashika wale wazee wa magoti mabaya, halafu wanaenda kunywa chai, wale wamebaki ni wale wa mbio. Hao wanajua sauti ya hiyo lori ikiwa bado Makadara. Baada ya mwaka mmoja hiyo barabara imejaa wachuuzi ambao kanjo hata wakituma jeshi hawatashika mmoja. Nikamwambia daktari hivyo. Akasema haswa, na nilipomtajia zile vidonge za jino na kifua akasema hata hizo zilikuwa kanjo ya kunywa chai.

Halafu akasimama. "Lakini mama aliniambia ni samaki ya ziwa."

Nikaangalia dari tena. Akanivuta mpaka kwa kitanda.

"Mama, hiyo samaki ilikuwa ya ziwa?"

Bibi yangu akaangalia kitanda ya pili. Yule mteja alikuwa macho, ameacha hata kutafuna.

"Ya ziwa."

"Mama. Tunaongea juu ya kidole."

Bibi yangu akafunga macho.

"Ya kidimbwi."

"Haiya!" mteja akaruka, mguu na bandeji yote. "Na ile nilikula Jumapili?"

"Hiyo ilikuwa ya ziwa," bibi yangu akasema haraka. "Ya ziwa kabisa."

Daktari akamwambia huyo mama atulie, samaki ikikaangwa mpaka ndani viini vinakufa, shida iko kwa samaki mbichi: mikono, ubao, maji ya kuoshea. Akamuuliza bibi yangu, "Kisu ya samaki ndio hiyo hiyo ya kachumbari?" Sasa ikawa zamu ya bibi yangu kuangalia dari. Ile dari tuliijua vizuri sisi wote.

Dripu ikatolewa saa hiyo, hawakungoja maabara. Ikaletwa dawa ingine, ya ukoo tofauti, kachupa kadogo, nesi anaibeba na mikono miwili. Daktari akasema hii huwa wanaiweka kando, hawapendi kuitoa. "Hii ikikataa, sina ingine. Itabaki kisu." Akachora mstari mpya. Mimi nikachora wangu.

Nilikaa hapo nikiilinda hiyo chupa kama askari wa benki. Nesi akipita namuuliza ni ile ile? Akirudi namuuliza tena. Mwisho akaniambia, "Mzee, ukiniuliza tena nitakudunga wewe." Siku yenye kisu ilikuwa inangojwa ilifika, daktari akaja, akainama, akaangalia mstari. Akaenda. Akarudi na mwingine mwenye miwani, wakainama wawili. Nilikuwa nimeshaona kabla yao. Ile alama yangu ya siri ilikuwa nje, peke yake, kwa ngozi safi. Wekundu ulikuwa umerudi nyuma upana wa kidole kimoja. Nilienda choo nikalia, na nikitoka nikasema macho yamewashwa na dawa ya kuosha sakafu.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye, yakasema vile vile: dawa karibu zote zimekataliwa. Daktari hakuapa kwamba viini vilitoka kwa kidimbwi. Alisema inaweza kuwa kidimbwi, inaweza kuwa beseni, inaweza kuwa hizo vidonge zetu za kuombana. Mimi bado nashuku kidimbwi. Mtu wa serikali wa mifugo alipigiwa simu, akaenda, akaongea na mwenye pikipiki. Nasikia alimjibu, "Na nikiacha dawa kuku zife, wewe utakuja kutaga mayai?" Huyo wa pikipiki Jericho haji tena. Lakini hizo samaki hazijaacha kunenepa, na kila nikiona mahali samaki zimetoshana kama paredi, nainama nanusa, na wenye vibanda wananifukuza.

Kidole ilikaa kwa bandeji muda mrefu. Daktari alikuwa ametuonya inaweza kupona na isikunje tena, ikae tu imenyooka kama inaonyesha mtu njia. Bibi yangu aliogopa hiyo kushinda kisu. Siku ya kufungua, nilienda naye. Kitambaa ikatolewa, tukaona kakidole kamekonda, ngozi inatoka kama ya kiazi cha kuchemsha, kucha hakuna. Lakini yote ilikuwa hapo.

"Kunja, mama."

Ikakunja kidogo. Ikasimama. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Ikasimama hapo hapo.

"Shika kitu," daktari akasema. "Chochote. Ubane na nguvu, usiogope."

Bibi yangu akaangalia meza, akaangalia kiti, akaniangalia. Akanyoosha mkono akakamata sikio yangu.

"Hii ni ya kugombana na jirani yangu wa omena nikiwa nimelala hospitali," akasema, akabana.

Niliona nyota za mchana. Kidole gumba nyuma, na mbele, ndugu yangu, nikaisikia ile ya shahada ikija, polepole, ikitetemeka, mpaka ikakutana na mwenzake, sikio yangu ikiwa katikati.

"Nguvu iko," daktari akasema.

"Vuta tena," nikamwambia bibi yangu. Machozi yalikuwa yanashuka. "Bado nashuku. Vuta tena."